Dakika Moja ya Uwanja wa Koko

Juzi niliunguza wali. Binti yangu aliingia jikoni akaniuliza pua yangu siku hizi nimeiweka wapi, nikamwambia pua ninayo, tena ndiyo iliyoniponza. Harufu ya punje zinazokaukia chini ya sufuria, zikianza kugeuka rangi kabla hazijawa nyeusi, kwa watu wengine ni harufu ya ukoko au ya uzembe. Kwangu mimi ni harufu ya sanduku la ngozi la mjomba wangu. Nilisimama pale na mwiko mkononi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikauacha wali uungue kwa sababu sikutaka harufu ile ikome.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa sauti. Nasema hivyo kwa Kiswahili cha hapa Tanga nilikoolewa, lakini kwetu Mahajanga kazi ile haikuwa na jina katika lugha yoyote tuliyosema nyumbani. Jina lake ni Hamadi, ndugu wa mama yangu, na sisi watoto tulimwita Zama, kama wajomba wote wanavyoitwa pande zile. Tulikuwa watu wenye asili ya Ngazija, wakazi wa mtaa wa Mangarivotra. Wakubwa walisema Kingazija ndani, Kimalagasi nje, na Kifaransa walipotaka karatasi ofisini. Kiswahili tulikuwa nacho cha maneno ya chuoni na ya baharini tu, kwa hiyo maneno ya watu wangu humu nimeyavusha mimi mwenyewe, na kama yamelowa njiani mnisamehe.

Wakati ninaousema nchi ilikuwa na bendera mpya. Shuleni tulikuwa tumefundishwa wimbo wa taifa na kuambiwa kwamba sasa kila kitu ni chetu, ila mwalimu aliyetuambia alikuwa Mfaransa yuleyule. Zama alikuwa mji mkuu, katika idara ya serikali iliyotengeneza filamu fupi za kuonyeshwa sinema kabla ya picha kubwa. Kwa miaka minne alimbebea sanduku fundi mmoja Mfaransa. Alikunja nyaya, alishika mti mrefu wenye maikrofoni juu ya vichwa vya mawaziri mpaka mabega yakamfa ganzi, na filamu ilipotoka jina lililoandikwa lilikuwa la Mfaransa. Mbeba sanduku hana jina. Kisha yule fundi akarudi kwao ghafla, hakukuwa na wa kushika nafasi yake, na sanduku likaangukia mikononi mwa Zama.

Lakini alipewa kwa majaribio. Ilikuwa filamu moja tu, kisiwa cha Nosy Be, kuhusu maua ya mlangilangi yanayokamuliwa mafuta ya manukato. Mkuu wa kazi, mtu mwembamba mwenye jasho jingi aliyeitwa Musiu Armand, alimwambia waziwazi kwamba sauti ikitoka safi jina lake litaandikwa na sanduku litakuwa lake. Isipotoka safi, ataagizwa mtu kutoka Ufaransa na Zama atarudi kwenye nyaya. Haya yote tuliyajua hata sisi watoto, kwa sababu Mama hakuumbwa na kufuli mdomoni.

Alipofika Mangarivotra na sanduku lake, nyumba yetu iligeuka maonyesho. Majirani walikuja kusalimia, macho yao yakiwa kwenye meza. Zama alifungua mfuniko bila haraka. Ndani mlikuwa na magurudumu mawili ya utepe wa rangi ya kahawia, vifundo vya kuzungusha, na sindano nyembamba nyuma ya kioo iliyoruka mtu akikohoa upande wa pili wa chumba. Chini mlilala betri kumi na mbili za tochi kubwa, na yeye alizijua moja moja, ipi imechoka na ipi bado ina nguvu. Mama alisema mbele ya wageni kwamba laiti angewajua wasichana wa mtaani namna ile, angekuwa na watoto.

Adui wa mashine ile katika mji wa bahari ni hewa yenyewe. Chumvi na unyevu huingia mahali ambapo hata mchwa hapiti. Yule Mfaransa alikuwa na vipakiti vyake vya dawa ya kukausha unyevu, navyo vilikuwa vimekwisha. Zama akamwomba Mama akaange mchele mkavu bila mafuta mpaka uwe rangi ya dhahabu, aushone ndani ya vijifuko vya kitambaa, akaviweka kwenye pembe za sanduku. Kila baada ya siku mbili vilibadilishwa. Mimi ndiye niliyepewa kutikisa kikaango, na ndiyo sababu ya harufu niliyoitaja. Mama alimshonea pia maikrofoni kofia ya blanketi kuukuu ili upepo usiivumie. Niliona kwamba ukoo wetu wote sasa umo katika kazi ya filamu.

Siku moja alasiri Zama alinivisha hedfoni zake za kusikilizia. Zilikuwa nzito, zinanuka ngozi na mafuta ya nywele. Aliielekeza maikrofoni nyuma ya nyumba, ambako Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, mbali kabisa nasi. Nikasikia punje moja ikigonga nyingine. Nikasikia pumzi ya Mama, na bangili yake, na kucha zake zikikwaruza ungo. Kisha nikasikia, karibu kuliko kama angekuwa amenipakata, sauti yake ikisema: “Miaka thelathini na miwili, na mke wake ni sanduku.” Nilizivua zile hedfoni. Uwanja ulikuwa kimya. Mama alikuwa ameinama kule kule, hata midomo yake sikuiona ikitikisika. Nilizivaa tena, akawa anasema habari ya bei ya samaki.

Mtoto wa miaka minane akipewa ushahidi wa namna hiyo atafanya nini? Niliamua kwamba mashine ya Zama inasikia yaliyomo moyoni mwa watu. Mama hakuwa amesema, alikuwa amewaza. Sikumuuliza mtu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa wazi. Tangu siku ile, kila nilipomwona Zama amevaa hedfoni nilipita mbali, maana nilikuwa na mambo yangu ya sukari iliyopungua kwenye kopo, na sikutaka kuyawaza karibu naye.

Likizo ilipoanza alinichukua tukaenda naye Nosy Be, kwa kuwa kila mwaka nilipelekwa kwa Koko, yaani bibi yangu, mama yao Zama na Mama. Safari yote Zama alilipakata lile sanduku. Walimwambia aliweke chini na mizigo mingine, akasema miguu yake haijachoka.

Koko aliishi Marodoka, miongoni mwa nyumba za mawe za wafanyabiashara wa zamani ambazo nyingi zilikuwa zimeshikwa na mizizi. Musiu Armand na mpiga picha walilala mjini Andoany, lakini Zama alilala kwa mama yake. Alfajiri walienda mashambani kuwanasa kwa picha na sauti wachumaji wakiwa kazini, na mara mbili Koko alinichukua nikatazame. Milangilangi hukatwa vichwa isirefuke, hivyo matawi huinama mpaka mwanamke ayafikie, na maua yake ya manjano yamelegea kama vitambaa vilivyochanika. Lakini mimi nilimtazama Zama. Alifanya kazi pekupeku. Mfukoni hakuwa na funguo wala sarafu. Nguo zake zilikuwa za pamba kuukuu zisizotiwa wanga, kwa sababu wanga hufanya nguo iseme. Alipumua kwa mdomo ili pua isipige filimbi. Wenzake aliwakatalia kuanza kazi kabla hawajala, akisema tumbo lenye njaa halina adabu. Nilimwona akipiga magoti mbele ya mtambo wa shaba wa kukamulia, akasikiliza tone la mafuta likidondoka kwenye chupa, akasubiri la pili, la tatu, mpaka Musiu Armand akachoka akaenda kuvuta sigara.

Baba na majirani wetu nao walikuwa wanaume wa kazi, lakini sikuwahi kumwona mtu mzima akiwa makini vile kwa kitu kisichoonekana. Nilimpenda sana wakati ule. Nilipenda hata namna alivyotamka namba ya kila kipande mbele ya maikrofoni kwa Kifaransa, taratibu, halafu akaiandika kwenye karatasi kwa mwandiko wa mtu aliyepigwa viboko vya mwandiko.

Sehemu kubwa ya filamu ile isingehitaji sauti ya mtu wa pale, kwa kuwa kungewekwa muziki na Mfaransa mmoja wa kueleza. Ni mahali pamoja tu ambapo mtu angesema kwa kinywa chake mwenyewe, na mtu huyo alikuwa Koko. Alikuwa amechuma maua yale tangu alipokuwa bi harusi. Musiu Armand aliupenda uso wake, hakujali kwamba ni mama wa fundi. Kwa hiyo majaribio yote ya Zama yalikuwa yamekaa pale, katika uwanja aliochezea utotoni, na mama yake ndiye mtihani.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho, na meli ya kurudi ilikuwa ya alasiri. Zama aliamka mapema akakaa uwanjani na hedfoni bila kuwasha utepe, akiusikiliza tu. Kisha akaanza kuondoa. Jogoo alipelekwa kwa jirani na kamba mguuni. Saa ya ukutani ilisimamishwa. Kamera yenyewe ilikuwa ikinguruma kama cherehani, akaivika blanketi. Zikabaki bangili za Koko, ambazo hazikuwahi kutoka mkononi tangu harusi yake. Zama hakumwomba azivue. Alikaa chini mbele yake, akachana kitambaa laini, akaizungushia moja moja mpaka zikawa hazigongani, naye Koko akamwachia mkono wake kama mtoto anayefungwa kidonda. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua na kila mtu aliliona jambo lile.

Koko alisema vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Alisema jinsi ua linavyotaka kuchumwa kabla jua halijalichosha, jinsi harufu inavyobaki kwenye nywele mpaka mume akalalamika. Alimtaja Babu, ambaye mimi sikumkuta. Alisema mume wake, Mungu amrehemu, mwaka wa kwanza alimkataza kwenda kuchuma na mwaka wa pili akamsukia kikapu. Akamaliza kwa kusema kwamba mikono yake hata akiiosha mara ngapi haitanuka kitu kingine. Musiu Armand hakuelewa neno, lakini alikuwa akitabasamu. Zama aliinua kidole gumba. Tulikuwa tumekwisha kula ng'ombe mzima.

Mkia ndio ulikuja kutushinda. Kila mahali pana kimya chake, na hili nimekuja kulielewa ukubwani. Kimya cha uwanja wa mchanga si kimya cha chumba cha mbao. Mafundi wa filamu hukata maneno ya mtu na kuyaunga, na kwenye viungo lazima waweke kimya cha mahali palepale, la sivyo msikilizaji huhisi shimo hata kama hajui ni la nini. Kwa hiyo kazi ikiisha, fundi hunasa dakika moja ya mahali penyewe, watu wote wakiwa wamesimama walipo. Zama aliwaambia wenzake kwa Kifaransa, akawaambia majirani kwa Kimalagasi: nyamazeni, msiondoke, ni dakika moja. Hakusema kwa nini. Fundi aliyezoea husahau kwamba wengine hawajazoea. Kisha akainamisha kichwa, akafumba macho.

Sasa fikirini mtoto wa Kiislamu wa Mangarivotra anaona nini. Bibi yake amemtaja marehemu na kumwombea rehema. Mtu mzima aliyeheshimiwa amenyamazisha watu, ameinama, amefumba macho. Uwanja mzima umesimama kimya mchana kweupe. Kwetu jambo hilo lina maana moja tu, na nilishangaa kwamba wakubwa wanachelewa. Niliinua mikono yangu, viganja juu, nikaanza kumsomea Babu Fatiha.

Mzee aliyesimama karibu nami aliniona, akaona aibu kwamba mtoto amemtangulia, naye akainua yake. Mkewe akafuata. Nilipotupa jicho, ua mzima ulikuwa na mikono juu, Koko pia, na midomo ikisogea, na mnong'ono ukipanda kama maji yanayokaribia kuchemka. Nikamaliza, nikajifuta uso, nikasema amin kwa sauti niliyofundishwa chuoni, yaani kubwa. Amin, uwanja ukajibu.

Zama alifumbua macho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alizima utepe akautazama ulivyobaki. Ulikuwa utepe wa mwisho wa safari, na sasa umebaki wa dakika tatu hivi.

Balaa halikuishia hapo. Mwanamke mmoja alikuwa akipita nje, akaona juu ya ua mikono iliyoinuliwa katika nyumba ya Koko. Hakuuliza. Msiba kwetu haungoji mwaliko. Kabla nyaya hazijakunjwa wanawake wakaanza kuingia, nguo zimevutwa kichwani, mmoja na jamvi kwapani, wakimwuliza Koko kwa upole ni nani. Koko akawaambia hakuna aliyekufa. Basi mmemsomea nani? Mume wangu, akasema Koko. Mume wake alikuwa na miaka tisa kaburini. Wale wanawake wakatazamana, wakafikiria sufuria walizoziacha mekoni, wakaamua kwamba marehemu ni marehemu, wakaketi. Koko akaagiza kahawa ichemshwe. Uwanja ulikuwa na watu wapatao arobaini, na wengine wakija.

Musiu Armand alikaa juu ya sanduku la kamera akijifuta jasho. Aliuliza ni nani aliyeanza mchezo ule. Kifaransa cha shule kilinitosha kuelewa. Zama alijibu mara moja: “Ni mimi. Sikuwaeleza vizuri.” Musiu Armand alitoa daftari dogo akaandika kitu, akalifunga. Nikajua kilichoandikwa ni mtu wa Ufaransa.

Zama alijaribu tena. Aliwaeleza watu vizuri, kwamba anataka kimya kitupu. Walikubali kwa moyo wote, na sekunde chache hazikupita mtu akakohoa, na mwingine akacheka kwa kuwa mwenziwe amekohoa. Akajaribu mara nyingine, mzee mmoja akauliza kwa heshima kama bado. Watu arobaini hawawezi kunyamaza kwa ajili ya kitu ambacho si kitu. Utepe ulikuwa umebaki wa dakika moja na kidogo, na Musiu Armand akasema inatosha, wafunge mizigo, mjini wataangalia la kufanya. Zama alimwambia haondoki bila uwanja huu. Sikuwahi kumsikia akimbishia Mzungu, na nadhani hata yeye hakuwahi kujisikia.

Koko alikuwa akitazama yote akiwa ameketi kitini pake. Alimwita mwanawe, akamwuliza kimya kile ni cha nini hasa. Zama akachutama akamweleza, kwamba bila hicho maneno yake yatakuwa na mashimo, na kwamba yeye mwenyewe atarudi kubeba. Koko akafikiri. Akasema atawasomesha watu, kila mmoja wa kwake, moyoni, midomo imefungwa. Zama akatikisa kichwa. “Mama, sitaki kuifanya dua iwe kazi yangu,” alisema, na uso ulimbadilika kweli.

“Wewe fanya lako,” Koko akamwambia. “Sisi tuna letu.”

Akasimama. Hakuwa mrefu, lakini watu waliacha vikombe. Akawaambia kwamba kwa kuwa wamekuja kwa Fatiha, hawatarudi nayo mikononi. Kila mmoja amfikirie maiti wake mmoja, amsomee kwa moyo, asitikise ulimi, na asiseme amin mpaka yeye aseme. Akainua mikono ile yenye bangili zilizofungwa kitambaa. Zama akawasha utepe.

Sijawahi kusikia kimya kile tena. Hakikuwa kimya cha kulazimishwa. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe mwaka ule alikuwa ameangalia viganja vyake kana kwamba ameandikiwa kitu humo. Hata watoto wachanga walinyamaza. Jani la mkungu liligusa ukuta na kuacha.

Mimi sikuwa na maiti. Babu nilikuwa nimekwisha kumsomea, tena ndiyo iliyoleta yote. Nilisimama hatua tatu tu kutoka kwenye maikrofoni, na Zama amevaa hedfoni, na nilijua ananisikia. Basi nikakiri. Moyoni, neno kwa neno, nikamwambia Zama ni mimi niliyeanza, na amin ya kwanza ilikuwa yangu, na Musiu Armand aandike jina langu badala ya lake, na sukari ya Mama pia ni mimi. Zama akafumbua macho akanitazama mimi, mimi hasa katika watu wote wale, akatikisa kichwa polepole mara mbili, kama mtu anayesema haidhuru. Nikajua nimesamehewa. Kisha ncha ya utepe ikatoka kwenye gurudumu, Zama akashusha mkono, na Koko akasema amin.

Nilikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni nilipothubutu kumwuliza Zama alisikia nini siku ile. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema alichosikia ni tumbo langu likinguruma, kwamba katika heka heka zile hakuna aliyenilisha, na alitikisa kichwa akimwomba Mungu lisirudie. Kuhusu amin ya kwanza, alisema aliijua papo hapo. Nikamwuliza mbona hakusema.

“Ningesema nini? Hukukosea. Palikuwa pamefanana na Fatiha.”

Musiu Armand alivaa hedfoni siku ile kabla hajakubali kuondoka. Aliusikiliza utepe mpaka mwisho. Alizivua taratibu akamwuliza Zama ni watu wangapi walikuwa pale uwanjani, Zama akasema arobaini na kitu. Musiu Armand akasema hasikii hata mmoja. Nililitazama lile daftari kwa makini, hakuchana ukurasa wowote.

Tukarudi Mahajanga, Zama akaenda zake mji mkuu, na miezi ikapita. Hakuandika barua, au aliandika habari ya mvua na afya. Mama alianza kusema kwamba kubeba sanduku si aibu, kazi ni kazi, na aliposema hivyo mara ya tatu nilijua amekata tamaa. Mimi sikumwambia ni nani aliyeanza. Nilikuwa nimesamehewa, lakini nilianza kuelewa kwamba msamaha wa Zama haukuwa na nguvu juu ya lile daftari.

Koko alikuwa amekuja kututembelea filamu ilipofika. Ilitangulia picha ya Kihindi, na watu wa Mangarivotra tulijaza safu mbili. Koko hakuwahi kuingia sinema. Alipojiona ukutani, mkubwa kuliko mlango wa msikiti, alisema kwa sauti kwamba bibi yule ni mzee mno, na safu mbili zikacheka. Halafu akaanza kusema kule ukutani, na sote tukanyamaza. Ilikuwa sauti yake kabisa, na kila neno lilikuwa na uwanja nyuma yake. Alisema habari ya ua na jua, alisema habari ya nywele, na kutoka hapo akaenda kwenye mikono isiyonuka kitu kingine. Babu hakuwamo. Kikapu hakikuwamo. Mahali pake palikuwa na pumzi moja ndefu, picha ya mikono yake, na kimya.

Koko aliuminya mkono wangu. Alisema wamemtoa. Nikamwambia sikioni kwamba pale wameweka ile dakika, ile aliyowasomesha watu. Hakuuachia mkono wangu, akaendelea kutazama kile kitambaa cha sinema bila kupepesa.

Filamu ikaisha kwa muziki mwingi. Majina yakaanza kutoka, na watu hawatazami majina, walikuwa wanasimama kwenda kununua karanga kabla ya picha kubwa. Nilipanda juu ya kiti. Koko alisoma herufi za Kiarabu tu, Mama hakusoma za aina yoyote, mimi ndiye nilikuwa na macho yao. Likatoka jina la Musiu Armand. Likatoka jina la mpiga picha. Bega la mtu likaniziba, nikamsukuma kichwa bila adabu, na hapo palikuwa pameandikwa neno la Kifaransa la sauti, na chini yake, kwa herufi zilezile walizopewa wengine, Hamadi Toibu. Nikalisoma kwa nguvu zangu zote za chuoni.

“Soma tena,” akasema Koko.

Taa zilikuwa zimewashwa na kitambaa kilikuwa cheupe, hakina kitu. Nikalisoma tena. Mama akasema na yeye hakusikia vizuri, kelele nyingi, nikalisoma mara ya tatu.